Warshani ni tofauti, darasani ni kosa

MWANAFUNZI wa Kidato cha Pili ameandika katika insha yake: "Babu hutuambia hadithi na sisi tunamsikilizanga hadi usiku wa manane." Mwalimu amelizungushia neno 'tunamsikilizanga' duara jekundu na kuandika pembeni: "Athari za lugha ya mama." Alama imekwenda na maji.

Sasa lichukue neno lilo hilo, ulipeleke katika warsha ya sintaksia linganishi ya lugha za Kibantu. Libandike kwenye slaidi. Maprofesa watavaa miwani. Mmoja atakumbusha kwamba kipande hicho '-ang-' kinafanana na '-ag-' ambacho A. E. Meeussen alikiorodhesha mwaka 1967 alipokuwa akiunda upya sarufi ya Mame-Bantu. Mwingine ataongeza kwamba Gĩkũyũ kina '-thomaga' kwa mtu mwenye mazoea ya kusoma, na kwamba lahaja kadhaa za Kiluhya zina '-anga'. Wa tatu ataingilia kati aseme kwamba Tanzania bara watu husema 'anafanyaga', Nairobi 'anafanyanga' na Lubumbashi 'anafanyaka'. Mjadala utaendelea hadi chai ipoe.

Neno ni moja. Warshani linaitwa tofauti na linatafutiwa maelezo. Darasani linaitwa kosa na linakatwa alama. Mwalimu aliyechora duara lile hakufanya hila. Alifanya alivyofunzwa chuoni. Ninaloshikilia leo ni kwamba wasomi wa sintaksia linganishi wamekwisha kupata maarifa ambayo yangemsaidia mwalimu huyu na mwanafunzi wake, lakini namna warsha hizi zinavyoandaliwa inayazuia maarifa hayo kutoka nje ya ukumbi. Lawama hiyo nitaigawa kwa haki, kwa maana sisi wa idara za Kiswahili nasi tuna fungu letu.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Kulinganisha lugha za Kibantu si jambo la jana. Wilhelm Bleek alilitumia jina 'Bantu' katika sarufi yake linganishi ya mwaka 1862. Baadaye Malcolm Guthrie akazigawa lugha hizi katika kanda na kuzipa herufi na nambari, na kati ya 1967 na 1971 akachapisha majuzuu manne ya ulinganishi. Kazi kubwa ya wazee hao ilikuwa sauti na msamiati: neno 'mtu' liko vipi huku, liko vipi kule. Sintaksia, yaani namna maneno yanavyopangwa na kuafikiana katika sentensi, ilikuja nyuma. Ndiyo inayoshughulikiwa sasa katika warsha na makongamano haya. Msomi mmoja huleta Kibemba, mwingine Kiswati, mwingine Lubukusu, kisha swali moja linaulizwa kwa lugha zote: Je, lugha yako inaruhusu hili?

Lutz Marten, Nancy Kula na Nhlanhla Thwala walichapisha mwaka 2007 orodha ya vigezo 19 vya kuulizia maswali ya aina hiyo. Miaka kumi baadaye, Rozenn Guérois, Hannah Gibson na Marten mwenyewe walitoa orodha ya vigezo 142. Kutoka 19 hadi 142! Anayedhani kwamba lugha za Kibantu ni kitu kimoja kilichobadilishwa sauti tu hapa na pale, na aitazame orodha hiyo.

Nitatoa mfano mmoja ili msomaji asinione ninapiga porojo za kitaaluma. Tunasema, "Mama amempa mtoto kitabu." Kwa istilahi za shule zetu, 'kitabu' ni shamirisho kipozi na 'mtoto' ni shamirisho kitondo. Kiambishi '-m-' ndani ya kitenzi kinamrejelea mtoto. Je, tunaweza kukirejelea kitabu badala yake, tuseme "Mama amekipa mtoto kitabu"? Hata. Sikio linakataa. Je, tunaweza kukifanya kitabu kuwa kiima cha kauli ya kutendwa, tuseme "Kitabu kimepewa mtoto"? Ukisema hivyo utadhani kitabu ndicho kilichozawadiwa mtoto akakae nacho. Katika Kiswahili, kitondo kina haki ambazo kipozi hakina.

Lakini tusidhani hiyo ni sheria ya maumbile. Alexandre Kimenyi, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu Kinyarwanda, alionyesha kwamba katika lugha hiyo shamirisho zote mbili hufaidi haki hizo. Mwaka 1990, Joan Bresnan na Lioba Moshi walilinganisha Kichaga cha Kivunjo na lugha nyingine za Kibantu, wakaonyesha kwamba lugha ndugu hizi zinagawika makundi mawili: zile zinazotendea shamirisho zote kwa usawa na zile zinazopendelea moja. Makala hayo yalizua mjadala ambao haujazimika hadi leo, na ulivuka mipaka ya Uafrika, kwa sababu wananadharia wa Marekani na Ulaya walilazimika kujiuliza upya 'shamirisho' ni kitu gani hasa.

Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya warsha hizi, na sitaibania. Zimeondoa dhana kwamba lugha za Kiafrika ni za kukusanyiwa methali na vitendawili tu. Zimeonyesha kwamba swali gumu kuhusu akili ya binadamu linaweza kujibiwa kutoka mteremko wa Kilimanjaro. Zimewapa wanafunzi wetu wa uzamili na uzamifu jukwaa, nauli na walimu. Niliyekaa vyuoni zaidi ya miongo mitatu ninajua thamani ya nauli.

Haya basi, nije kwenye kasoro.

Kasoro ya kwanza ni namna data inavyotafutwa. Aghalabu mzungumzaji hukalishwa mezani akasomewa sentensi moja moja. "Hii inasemeka? Na hii? Tukiondoa kiambishi je?" Akitikisa kichwa, sentensi inawekewa kinyota, maana yake haisemeki. Mchezo huu una faida. Hakuna mtu atakayekaa mwaka mzima sokoni akisubiri sentensi adimu itamkwe. Ila lugha haiishi katika sentensi moja moja. Chukua "Nimemwona mwalimu." Vitabu vyetu vya sarufi vinatuambia kwamba shamirisho akiwa mtu, kiambishi sharti kiwepo. Lakini mwaka 1997, Amanda Seidl na Alexis Dimitriadis walichunguza matumizi katika matini za Kiswahili wakaonyesha kwamba mambo hayaendi kwa kanuni hiyo pekee. Kuwepo au kukosekana kwa kiambishi kunategemea pia mtiririko wa mazungumzo: Je, mtu huyu amekwisha kutajwa? Msikilizaji anamjua? Hayo hayawezi kugunduliwa kwa sentensi iliyokatwa kutoka katika mazungumzo kama kipande cha muwa.

Kwetu Kenya jambo hili lina uzito wake. Mtoto wa Murang'a huandika, "Nimeona mwalimu." Katika Gĩkũyũ, kiambishi cha shamirisho husimama badala ya nomino, nomino ikitajwa papo hapo, kiambishi hujiondokea. Kwa hiyo mtoto huyu hajasahau kitu. Anafuata sarufi, ila ni sarufi ya nyumba ya pili. Sasa mwendee mtoto wa Bungoma. Justine Sikuku, Michael Diercks na Michael Marlo waliandika mwaka 2018 kuhusu Lubukusu. Walionyesha kwamba katika lugha hiyo kiambishi na nomino vinaweza kukutana, lakini vikikutana katika kauli ya kawaida vinaleta msisitizo, kana kwamba msemaji anamjibu mtu aliyemtilia shaka: nimemwona kweli, usinibishie! Huenda basi mtoto huyu akaihisi "Nimemwona mwalimu" kuwa ni kauli ya kubishana ilhali kwa Kiswahili ni kauli ya kawaida tu.

Watoto wawili, kosa moja, sababu mbili. Mwalimu anayejua hivyo atafundisha somo moja kwa dakika kumi na atafaulu. Asiyejua atachora duara jekundu kuanzia Januari hadi Novemba.

Kasoro ya pili ni lebo. Warshani kila lugha huja na nambari ya Guthrie. Kiswahili ni G42. Kidigo, Kigiriama na ndugu zao wa Mijikenda wako E70 pamoja na Kipokomo. Ukiangalia lebo hizo utadhani Mswahili na Mdigo ni watu wa mbali waliokutana kwa bahati pale Likoni. Lakini Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Sabaki, walionyesha kwamba Kiswahili, Mijikenda, Kipokomo, Ilwana na Kingazija pamoja na lahaja zake ni tumbo moja. Guthrie mwenyewe alikusudia nambari zake zitumike kama anwani za kijiografia zaidi kuliko kuwa ukoo, na wataalamu wote wanajua hivyo. Hata hivyo, mazoea yana taabu. Katika warsha nilizoshiriki nimeona mara kadhaa Kiswahili kikilinganishwa na Kizulu kabla ya kulinganishwa na Kigiriama. Ukitaka kujua kwa nini ndugu wametofautiana, si uanze na wale waliolelewa chumba kimoja?

Isitoshe, hicho kinachoitwa 'Kiswahili' kwenye jedwali ni Kiswahili gani? Ni kile sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930. Safu moja ya jedwali, alama ya ndiyo au la, basi. Kiamu hakipo. Kimvita hakipo. Kimakunduchi, ambacho wenyewe hukiita Kikae, hakipo. Chimiini ya Barawa haipo. Na wale mamilioni ya Nairobi, Eldoret na Nakuru wanaosema 'watu wenye walikuja' badala ya 'watu waliokuja', wao hawapo kabisa, kwa sababu jedwali limewahesabu kuwa wakosaji kama mwalimu alivyowahesabu. Hapo warsha na darasa zimekubaliana, na zimekubaliana katika udhaifu. Wale wanaoshangilia '-anga' kwenye slaidi ya Kiluhya hawaioni wakati inaponing'inia kwenye kitenzi cha Kiswahili mbele ya mlango wa hoteli yao, mdomoni mwa askari wa getini.

Kasoro ya tatu ni nani anashika kalamu. Ebu turudi kwenye majina niliyoyataja. Lioba Moshi ni Mtanzania anayezungumza Kivunjo; hakuwa mtoa data wa Bresnan bali mwandishi mwenza. Kimenyi aliandika kuhusu Kinyarwanda, lugha yake. Sam Mchombo wa Malawi aliandika na Bresnan mwaka 1987 kuhusu Kichewa, na makala yao kuhusu kiambishi cha shamirisho yamekuwa msingi wa karibu kila kitu kilichoandikwa baadaye katika uwanja huu. John Mugane aliandika sarufi ya Gĩkũyũ iliyochapishwa mwaka 1997. Sikuku ni Mkenya. Kazi zilizosukuma gurudumu hili mbele ziliandikwa na wazungumzaji wenyewe, peke yao au bega kwa bega na mgeni mwenye nadharia.

Sababu iko wazi. Mtoa data hujibu swali alilotupiwa. Mwandishi mwenza huuliza swali ambalo mgeni asingeliota. Anasema, "Ngoja kidogo, sentensi hiyo inasemeka, ila mimi singeisema mbele ya mkwe." Maarifa ya namna hiyo hayana kisanduku katika hojaji ya vigezo 142.

Pamoja na hayo, mpango wa warsha nyingi bado unamweka mzungumzaji upande wa pili wa meza. Nilihudhuria moja humu nchini, miaka kadhaa iliyopita, ambamo walimu watatu wa shule za sekondari walikuwa wamealikwa kuwa 'wazungumzaji asilia'. Siku mbili mfululizo walijibu ndiyo na la. Siku ya tatu, ya kuwasilisha matokeo, hawakualikwa. Walimu! Watu ambao wangeyabeba matokeo hayo Jumatatu asubuhi na kuyaingiza katika madarasa yenye wanafunzi hamsini. Walipewa nauli na cheti, wakashukuru, wakaenda zao. Sikudhani waandaaji walikuwa na dharau. Ratiba yao haikuwa na mahali pa kumweka mwalimu ila kwenye kiti cha kuulizwa.

Kasoro ya nne ni lugha na mahali. Makongamano makubwa ya kimataifa ya lugha za Kibantu yamefanyika Berlin mwaka 2011, Paris 2013, Helsinki 2016 na Cape Town 2018. Hesabu mwenyewe. Sina ugomvi na Helsinki; ni mji mzuri na wenyeji wake wamezipenda lugha zetu kwa miaka mingi. Lakini mhadhiri wa chuo kidogo cha Kenya huhitaji viza, tikiti na ruhusa ya mkuu wa idara ili akasikie habari za Kitaita. Akifika, kila kitu ni Kiingereza: mada, maswali, kicheko. Makala yatakayotoka humo yatachapishwa katika majarida ambayo maktaba za vyuo vyetu haziwezi kuyalipia yote. Mwalimu wa Bungoma atayajulia wapi?

Nikilisema hili huwa ninajibiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hilo si kweli. Mtoto wa sekondari Kenya anajua kirai, kishazi, shamirisho kipozi, kitondo, yambwa, chagizo, kauli ya kutendea, upatanisho wa kisarufi. Makongamano ya CHAKITA, CHAKAMA na CHAUKIDU huendeshwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyewahi kuzirai kwa kukosa neno. Palipo na pengo, tutafinyanga istilahi tukiwa kazini, kama walivyofinyanga wenzetu. Hakuna aliyeikuta istilahi ya sintaksia imeota shambani.

Hapa sasa ninageuza kidole. Katika makongamano yetu hayo ya Kiswahili, ni mara ngapi Kiswahili kimewekwa kando ya Kikamba au Ekegusii? Nadra. Tunajadili riwaya, tunajadili ushairi, tunajadili sera, tunajadili Sheng hadi tunachoka. Tukigusa lugha ndugu, mada huwa 'athari za lugha fulani katika ujifunzaji wa Kiswahili', na athari hizo daima ni mbaya, kama ugonjwa wa mifugo. Tasnifu za namna hiyo nimezisimamia na kuzitahini nyingi. Utaratibu wake ni kuorodhesha makosa, kuhesabu asilimia na kupendekeza walimu wawe makini. Swali la kwa nini sarufi ya Kikamba inamsukuma mtoto upande huu na si ule huachwa, kwa maana mwanafunzi wa Kiswahili hatakiwi kuijua sarufi ya Kikamba. Hiyo ni ya idara ya isimu, ghorofa ya tatu. Nao wa ghorofa ya tatu wanaijua, ila wanaiandika kwa Kiingereza. Ngazi iko katikati, na hakuna anayeipanda.

Tunachopoteza ni kikubwa kuliko alama ya insha. Tukiitazama lugha ya nyumbani kuwa chanzo cha makosa tu, tunakosa kuiona pale inaposaidia. Chukua mashairi ya kale ya pwani ya kaskazini. Mwanafunzi anakutana na kitenzi kama 'ulele', anaambiwa maana yake ni 'umelala', anakariri na kusonga mbele akiamini kwamba washairi walikuwa wakijichekesha. Hiyo ni hali timilifu ya '-ile', ambayo imepotea katika Kiswahili sanifu ila ingali hai katika Chimiini. Je, ni ngeni kwa mtoto wa Kiambu? Katika Gĩkũyũ anasema '-thomire' kwa aliyesoma. '-Ile' na '-ire' ni mtu na nduguye. Mtoto huyo ana ufunguo wa utenzi mfukoni mwake, aliopewa na nyanyake, na mtahini aliyeweka swali hajui kwamba mtoto anao. Kwa dakika tano za sarufi linganishi, shairi lililokuwa jiwe linageuka kuwa la nyumbani. Na mtoto atakuwa amejifunza jambo jingine la thamani zaidi: kwamba Kiswahili na lugha ya nyanyake ni jamaa, na hahitaji kuionea haya moja ili aijue nyingine.

Najua nitaulizwa, "Kwani Profesa unataka watoto waandike 'tunamsikilizanga' katika KCSE?" La hasha. Kiswahili sanifu kina kazi yake na mtahiniwa anapaswa kukimudu. Mwalimu asipomrekebisha atamdhulumu. Ninachopinga ni kurekebisha bila maelezo. Mwambie mtoto: "Hiki '-anga' ni kiambishi cha mazoea, lugha yenu inacho, na lugha nyingi za Kibantu zinacho. Kiswahili sanifu hutumia 'hu-' mahali pake, kwa hiyo andika 'humsikiliza'." Sentensi mbili. Mtoto amejua anachofanya, amejua anachotakiwa kufanya, na hakuna aliyemwambia kwamba mama yake amemharibu ulimi. Na ukimtazama vizuri utaona kwamba katika insha yake ile ile aliandika 'hutuambia'. Anazijua kanuni zote mbili. Kilichobaki ni mtu wa kumwonyesha mpaka ulipo.

Pingamizi la pili hutoka kwa wasomi vijana, na ni la haki. Wanasema, "Prof, tukiandika kwa Kiswahili hatupandishwi cheo." Wanajua wanalolisema. Kamati za upandishaji vyeo hupima majarida kwa umaarufu wake ng'ambo. Siwaombi waache kuandika kwa Kiingereza. Ninaomba kila makala ya Kiingereza iwe na pacha wake wa Kiswahili, hata akiwa wa kurasa nane, na kamati zetu zimtambue pacha huyo. Uamuzi huo hauhitaji mfadhili. Unaweza kufanywa na seneti ya chuo alasiri moja.

Kwa waandaaji wa warsha nina maombi matatu, na hakuna hata moja linalodai bajeti kubwa. La kwanza, mzungumzaji aliyeketi siku mbili akijibu maswali aketi pia siku ya matokeo, na mchango wake ukiwa mkubwa jina lake liandikwe juu ya makala, si katika shukrani. La pili, palipo na safu ya Kiswahili katika jedwali, pawe na safu mbili zaidi angalau: moja ya lahaja ya pwani na moja ya Kiswahili cha bara. Sintaksia linganishi haiwezi kudai kuchunguza tofauti huku ikizifuta tofauti zilizo karibu nayo zaidi. La tatu, nusu siku ya mwisho iwe ya Kiswahili na iwe ya walimu. Mada iwe moja tu: Tumegundua nini ambacho unaweza kukitumia darasani kesho?

Kwa idara zetu nina ombi moja. Mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili asihitimu bila kusoma kozi moja ya sarufi ya lugha ndugu, na iwe kozi ya sarufi hasa, si ya historia ya makabila. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na inaiagiza serikali kuziendeleza lugha za kiasili. Wizara imekwisha kuamua kwamba madarasa ya mwanzo yafunzwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Mtoto basi anatoka lugha moja na kuingia nyingine mbele ya mwalimu yule yule, na mwalimu huyo hajawahi kuonyeshwa daraja lilipo. Tumemwamuru avushe watu, tukaificha mitumbwi ghalani.

Nimesema mitumbwi iko. Ndilo jambo linalonipa moyo, na ndilo linaloniudhi. Kazi ngumu ya kuchunguza imefanywa, na nyingine inaendelea kufanywa wakati huu na watu wenye bidii na elimu. Orodha ya vigezo iko. Makala kuhusu Lubukusu, Gĩkũyũ na Kichaga yako. Wazungumzaji wako, na wengi wao ni walimu. Kilichobaki ni kuandika kurasa chache kwa lugha ambayo mwalimu anaisoma, na kumwekea kiti siku ya tatu. Anayeandaa warsha ijayo na anisikie: ratiba haijachapishwa bado.